Waya wa Tatu: Jinsi ya Kupeleka Umeme wa Nyumba kwenye Trela kwa Usalama

Katika somo la toleo hili tunazungumzia jambo ambalo kamati zetu hulifanya mara kwa mara bila kulijadili hata kwa dakika tano: kuvuta umeme kutoka kwenye soketi ya nyumba na kuupeleka kwenye trela lililoegeshwa nje. Trela hilo laweza kuwa la kliniki ya mama na mtoto, la vifaa vya semina, au la kulala la wageni wanaopiga kambi Lushoto au ufukweni Ushongo, Pangani. Matumizi ni tofauti, lakini hatari ni ileile na kinga yake ni ileile.

Tulivyojifunza

Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka trela la kliniki katika usharika mmoja wa pwani. Orodha ya maandalizi niliiandika mimi mwenyewe. Ilikuwa ndefu, kuanzia chanjo na kadi za watoto hadi chakula cha watumishi. Neno "umeme" halikuwemo. Nilijua nyumba ya mchungaji ina soketi, nikajua pia kuna ekstensheni, nikaona jambo hilo limekwisha.

Usiku ule mvua ya vuli ilinyesha. Asubuhi mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alishika mkono wa mlango wa trela akiwa amesimama chini, peku, kwenye mchanga ulioloa. Aliuachia upesi akasema, "Mbona hili gari linang'ata?" Wenzake kwenye foleni walicheka. Muuguzi hakucheka. Aliwaomba wote wasogee mbali, akaenda ndani ya nyumba akazima soketi na kuchomoa plagi.

Fundi aliyeitwa alikuta makosa mawili. La kwanza lilikuwa ndani ya trela: waya wa friji ulikuwa umesuguana na skrubu chini ya kabati wakati wa safari, na ngozi yake ilikuwa imeanza kulika. Umeme kidogo ulikuwa unavujia kwenye bodi la bati. La pili lilikuwa ndani ya nyumba: ekstensheni tuliyotumia ilikuwa na nyaya mbili tu. Ilichomekwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu.

Hakuna aliyeumia. Lakini siku ile ya kliniki ilipotea, chanjo zilirudishwa kwenye kasha la barafu, na akina mama waliotembea tangu alfajiri walirudi nyumbani bila huduma. Kama ngozi ya waya ule ingekuwa imelika yote, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Somo hili limeandikwa ili usharika mwingine usijifunze kwa njia hiyo.

Kwa nini trela si kama chumba cha nyumba?

Wengi hudhani kwamba trela lililounganishwa na nyumba ni sawa na chumba kilichoongezwa. Sivyo. Zipo tofauti nne.

Kwanza, bodi la trela ni la chuma au bati. Waya ukigusa bodi, trela zima huwa na umeme: mlango, ngazi, hata mnyororo wa kuvutia.

Pili, matairi ni ya mpira. Mpira hulitenga trela na ardhi, hivyo umeme uliofika kwenye bodi hauna njia ya kushuka. Hukaa pale ukisubiri. Mtu anayeshika mlango huku mguu wake uko ardhini ndiye anayekuwa njia.

Tatu, trela husafiri. Barabara zetu za vumbi na mashimo hulegeza skrubu, husugua nyaya na kuvuta viungio. Mfumo uliokuwa mzima Lushoto waweza kufika Mkinga ukiwa na kasoro.

Nne, hapa pwani kuna chumvi na unyevu. Hewa ya bahari hula pini za plagi na vichwa vya skrubu. Pini iliyoshika kutu haipitishi umeme vizuri, hupata joto, na hatimaye huyeyusha soketi.

Ufahamu waya wa tatu

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Kebo sahihi ya kupeleka umeme kwenye trela ina nyaya tatu:

- Waya wa moto, wa rangi ya kahawia (zamani nyekundu), huleta umeme.
- Waya wa nyutro, wa rangi ya bluu (zamani nyeusi), huurudisha.
- Waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano (zamani kijani), hauna kazi wakati mambo ni mazuri.

Kwa sababu huo wa tatu hauna kazi siku za kawaida, ndio watu huona wanaweza kuuacha. Taa itawaka bila ethi. Friji itapoza bila ethi. Hakuna dalili yoyote ya kukuonyesha kwamba ethi haipo, mpaka siku waya wa moto utakapogusa bodi. Hapo ndipo ethi huwa njia ya kuupeleka umeme ardhini bila kupita mwilini mwa mtu.

Tazama plagi yetu ya pini tatu bapa, ambayo tuliirithi kwa Waingereza. Pini ya ethi ni ndefu kuliko mbili nyingine. Imewekwa hivyo kwa makusudi: inaingia kwanza, inafungua vizibo vya matundu mawili ya chini, na wakati wa kuchomoa inatoka mwisho. Kwa hiyo hakuna wakati kifaa kinapata umeme bila kuwa na ethi. Yule anayesukuma kalamu, kijiti au bisibisi kwenye tundu la juu anakuwa ameudanganya mfumo huo wote.

Tabia hii huchochewa na vifaa tunavyoletewa na marafiki wetu wa Ulaya. Plagi za Ujerumani na nchi nyingi jirani zake zina pini mbili za duara, na ethi yake iko kwenye vibati vya pembeni mwa plagi. Ukiisukuma plagi hiyo kwenye soketi yetu, vibati vile havigusi kitu. Kifaa kilichotengenezwa kwa usalama wote huko kinakuwa hakina ethi hapa. Adapta nyingi za bei nafuu madukani nazo zina kasoro hiyohiyo: zinapokea pini mbili na kuiacha ethi. Dawa yake ni fundi kukata plagi hiyo na kufunga ya pini tatu, akiunganisha nyaya zote tatu.

Ethi peke yake haitoshi

Hapa tunaomba kamati zisome kwa makini, kwa maana hata baadhi ya mafundi hulipita jambo hili.

Nyumba nyingi huku kwetu hutegemea fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini karibu na nyumba yenyewe. Fimbo hiyo hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye unyevu. Kwenye mchanga mkavu wa pwani, hasa wakati wa kiangazi, ardhi huuzuia umeme. Tuchukue mfano wa fimbo yenye ukinzani wa omu 50. Volti 230 zikigawanywa kwa 50 ni ampea 4.6. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ni ya ampea 13. Hiyo ampea 4.6 haitaikata fyuzi hata ikipita siku nzima, wala haitaiangusha sakiti breka ya ampea 16. Bodi la trela litabaki na umeme wa kuua huku kila kitu kikionekana kizima.

Kwa sababu hiyo inahitajika swichi inayohisi umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukiondoka mwingi ukarudi pungufu, maana yake kuna mahali unavuja, na swichi hukata mara moja. Iliyo sahihi kwa kulinda watu ni ya miliampea 30. Mwili wa binadamu huanza kuhisi umeme kwenye kama miliampea 1. Kwenye miliampea 10 hivi misuli hukaza na mtu anaweza kushindwa kuachia alichoshika. Ukizidi miliampea 30 na kuendelea kupita, moyo uko hatarini. Sakiti breka ya kawaida haijui habari hizo. Imewekwa kulinda waya usiungue, si kumlinda mtu.

RCD na ethi hufanya kazi pamoja. Kukiwa na ethi, swichi hukata pale tu waya unapogusa bodi, kabla mtu hajafika. Kukiwa hakuna ethi, swichi husubiri mtu ashike ndipo ikate. Atanusurika kwa kawaida, lakini atakuwa amepigwa shoti. Basi tuwe na vyote viwili. RCD ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe kila trela linapofungwa mahali papya, na angalau mara moja kwa mwezi. Isipokata, isitumike.

Soketi ina kikomo chake

Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 hutoa takriban wati 3,000. Hicho ni kikomo, si kiwango cha kufanyia kazi kutwa. Kwa matumizi ya saa nyingi mfululizo, tunashauri msizidishe wati 2,000. Kabla ya safari, andikeni vifaa vyote na wati zake kama zilivyo kwenye kibandiko cha kila kifaa. Makadirio ya kawaida ni haya:

- Taa sita za LED: wati 60
- Friji ndogo: wati 100 hadi 150 (inapowaka huvuta zaidi kwa muda mfupi)
- Kompyuta mpakato: wati 65
- Projekta: wati 300
- Pasi: wati 1,000 au zaidi
- Birika la umeme: wati 2,000
- Chombo cha kuchemshia vifaa vya tiba: wati 1,500 hadi 2,000

Mtaona kwamba taa, friji, kompyuta na projekta kwa pamoja hazifiki wati 600. Shida huanza na vitu vya kuchemsha. Birika la chai ya watumishi na chombo cha kuchemshia vifaa vikiwashwa pamoja, kikomo kimepitwa. Chai ichemshwe kwa mkaa au gesi nje ya trela, au jikoni kwa mama mchungaji.

Unene wa kebo nao una hesabu yake. Kebo ya shaba yenye nyaya za milimita za mraba 2.5 na urefu wa meta 30, ikibeba ampea 10, hupoteza volti 4 hadi 5 hivi. Ile nyembamba ya milimita 0.75 inayouzwa kwa ajili ya redio na taa hupoteza kama volti 15, na nguvu hiyo iliyopotea haiendi bure: inageuka kuwa joto ndani ya kebo. Mkiongeza hapo kupungua kwa umeme ambako baadhi ya vijiji hupata saa za jioni, mota ya friji hushindwa kuanza, hunguruma na kuungua. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Friji ikifa usiku, asubuhi hazifai. Kwa hiyo nunueni kebo ya milimita 2.5, nzima, isiyo na kiungio katikati.

Tahadhari nyingine ni kuhusu ekstensheni za kuzungusha kwenye gurudumu. Ikiwa kebo imezungushwa, joto halina pa kutokea. Someni maandishi yaliyo pembeni: nyingi huruhusu wati 1,000 hivi kebo ikiwa imezungushwa na wati 3,000 ikiwa imekunjuliwa yote. Ikunjueni yote kila mara, hata kama trela liko meta tano tu.

Hatua za kuunganisha

1. Egesheni trela mahali palipoinuka, pasipotuama maji, karibu na nyumba kadiri inavyowezekana.
2. Jaribuni soketi ya nyumba kwa kipimo cha taa tatu kinachochomekwa. Testa ya bisibisi haitoshi, kwa kuwa huonyesha waya wa moto tu. Hata kipimo cha taa tatu huonyesha kwamba ethi ipo na nyaya hazijapishana, lakini hakipimi ubora wake. Ukinzani wa fimbo upimwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.
3. Hakikisheni RCD ipo, ama kwenye meni swichi ya nyumba, ama kwenye soketi, ama kwenye plagi ya kebo. Iwe mwanzo wa kebo upande wa nyumba, ili kebo yenyewe ilindwe pia.
4. Zimeni vifaa vyote ndani ya trela.
5. Ikunjueni kebo yote na kuikagua kwa macho na mikono. Yenye mchubuko au tepu iwekwe kando.
6. Pitisheni kebo pasipo na njia ya watu wala magari. Ikilazimika kuvuka njia, ipite juu kwa nguzo imara. Isibanwe na mlango wala dirisha.
7. Anzeni kuunganisha upande wa trela, kisha upande wa nyumba, ndipo muwashe soketi. Wakati wa kuondoka, fanyeni kinyume: zimeni, chomoeni nyumbani, kisha kwenye trela. Hivyo hakuna mtu atakayeshika kebo yenye umeme.
8. Bonyezeni kitufe cha RCD. Ikikata, irudisheni na muwashe vifaa kimoja kimoja.
9. Baada ya nusu saa shikeni plagi na kebo. Uvuguvugu si tatizo. Joto la kuchoma ni amri ya kuzima.

Trela lenyewe liwe na kiingilio cha pini zilizofichwa, na kebo iwe na upande wa matundu. Matrela ya Ulaya kwa kawaida huwa na kiingilio cha bluu cha ampea 16 chenye pini tatu nene. Hicho ni kizuri, msikiondoe. Fundi atengeneze kebo yenye kichwa cha bluu upande mmoja na plagi yetu ya pini tatu upande mwingine. Kebo yenye plagi za pini pande zote mbili ni marufuku kabisa. Ukichomeka upande mmoja, pini za upande wa pili huwa wazi na zina umeme, na mtoto ndiye atakayezigusa.

Umeme unapokatika

Usharika wenye jereneta usiichomeke jenereta kwenye soketi ya nyumba ili "kurudisha umeme". Umeme huo waweza kutoka nje kupitia mita hadi kwenye nyaya za TANESCO, na fundi wa shirika aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa anaweza kufa. Trela lichomolewe kwenye nyumba, kisha liunganishwe na jenereta peke yake. Jenereta iwekwe nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka.

Friji ilindwe kwa kifaa cha kuchelewesha umeme unaporudi, kwa maana mara nyingi hurudi kwa kurukaruka.

Mtu akipigwa shoti, usimshike. Zima soketi au chomoa plagi kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umtenge kwa mti mkavu. Kama hapumui, aanze kupewa huduma ya kwanza ya kufufua mapafu na moyo papo hapo huku wengine wakitafuta usafiri. Hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe kituo cha afya.

Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Baada ya siku ile ya pwani, baadhi ya wajumbe waliuliza kwa nini fedha za mradi wa afya zitumike kununua fimbo ya shaba na kebo. Swali lilikuwa la haki, kwa sababu fedha hizo zilichangwa kwa ajili ya watoto. Jibu letu lilikuwa kwamba aliyeshika mlango ule alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuzungushia dari yake ukingo, ili asiwe na hatia mtu akianguka. Anayemkaribisha mtu kwenye trela lake anao wajibu huohuo.

Tunaziomba kamati ziweke mambo matatu katika bajeti ya kila huduma ya trela: ukaguzi wa fundi mwenye leseni, kebo sahihi pamoja na RCD, na uniti za LUKU. Hilo la mwisho husahauliwa. Trela linalotumia wastani wa wati 500 kwa saa nane humaliza uniti 4, na si haki mzigo huo kubaki kwa familia ya mchungaji bila kusemwa. Tena uniti zikiisha usiku, friji huzimika kimyakimya.

Kwa ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru kwa vifaa mnavyotuletea. Tunaomba kila kifaa kije na plagi ya pini tatu bapa au fedha ya kuibadilisha, na kila trela lije na mchoro wa nyaya zake. Bei ya RCD hailingani na mafuta ya safari moja ya kulivuta trela kutoka milimani hadi pwani.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Soketi zipi za usharika wetu hutumika kwa huduma za nje? Nani alizipima mara ya mwisho, na lini?
2. Je, nyumba ya mchungaji ina RCD? Kitufe chake kimewahi kubonyezwa?
3. Ekstensheni yetu ina nyaya ngapi? Ifungueni plagi mbele ya kamati, ikiwa imechomolewa, mhesabu.
4. Nani ana mamlaka ya kusema "zimeni" siku ya huduma, hata kama foleni ni ndefu?

Swali la nne msiliruke. Siku ile muuguzi wetu hakusubiri ruhusa ya mtu. Kwenye orodha yetu ya maandalizi, mstari wa kwanza sasa ni umeme, na pembeni yake limeandikwa jina la mtu mwenye haki ya kuuzima.